Kufuata Viazi Uholanzi

Jumapili ile, kabla mchungaji hajamaliza kuuliza kama kuna mwenye ushuhuda, mama yake Jebet alikuwa ameshasimama, kitambaa kimekazwa kichwani, mkono mmoja juu. Akasema Mungu si wa majirani peke yao. Akasema binti yake, huyu huyu mliyemwona akienda shule pekupeku, amepata kazi Uholanzi, kwa kampuni inayouza viazi dunia nzima, na si kazi ya kufua nguo za watu, ni kazi ya ofisi, ya kufundishwa biashara huku unalipwa. Kanisa likapiga makofi. Mtu akaanzisha wimbo. Mchungaji akatangaza papo hapo siku ya maombi ya kumsindikiza.

Jebet alikuwa kwenye benchi la vijana. Hiyo kazi hakuwa ameikubali. Kampuni ilikuwa imempa mpaka Alhamisi mchana ajibu ndiyo au la, naye alimweleza mama yake jikoni akiomba ushauri, hakuomba matangazo. Lakini mama zetu mnawajua wenyewe. Na huku kwetu vijijini, juu ya mji wa Keringet, ushuhuda ukishatolewa kanisani umetolewa. Hajapata kuonekana mtu aliyesimama Jumapili iliyofuata akasema samahani, wapendwa, Mungu alikuwa bado hajatenda.

Tangu siku hiyo kila aliyekutana naye njiani alikuwa na lake. "Sasa Jebet, unaenda mpaka Uholanzi kuuza viazi? Hapa viazi imeisha?" Wanacheka, naye anacheka pamoja nao, kisha anafika nyumbani hana hata hamu ya chai. Baba yake, ambaye ni bawabu kwenye shamba la maua huko Naivasha, alipopigiwa simu aliwaambia wafanye vile watakavyokubaliana, akakata. Huyo naye alikuwa amejitoa mapema.

Ubaya ni kwamba mzaha huo wa njiani ndio uliokuwa ukimnyima usingizi. Kweli, viazi vya hapa vimekwisha?

Huku viazi huuzwa kwa gunia, na gunia la dalali si gunia lile ulijualo wewe. Ni gunia lililoshonewa wavu mdomoni, likajazwa, likashindiliwa, likapandishwa tena, mpaka likavaa kilemba kama waumini wa Akorino, ndiyo maana watu wakaliita mkorino. Mkulima analipwa gunia moja. Dalali akifika sokoni anafungua kamba na kupata mawili na ushee. Sheria inasema kilo hamsini, basi. Sheria husema mengi. Mkulima akikataa mkorino, dalali anawasha lori anakwenda kwa jirani, na viazi havimngoji mtu amalize kubishana, vinaota macho.

Jebet alisomea biashara chuo kikuu, akamaliza Desemba, na tangu akiwa mwanafunzi alikuwa akihangaika na jambo hili. Mwenzake wa darasani, Wachuka, alikuwa amefungua jiko la kukaanga krispi mjini Nakuru, naye alitaka viazi vya kupimwa kwa kilo kila wiki. Sharti lake lilikuwa moja: lori la kwanza lije limejaa. Lisipojaa, atarudi kununua sokoni kama kawaida, maana wafanyakazi wake hawawezi kukaa wakitazamana. Jebet aliwakusanya wakulima wa mtaa wao mkutano baada ya mkutano, mpaka wakaunda kikundi na kukubaliana kwamba hakuna tena atakayeuza mkorino. Lori la Wachuka likapangiwa Alhamisi. Ndiyo, Alhamisi hiyo hiyo. Mambo makubwa hayana adabu ya kupishana.

Alfajiri ya siku hiyo Jebet alimkuta mama yake zizini akikamua. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Akaegemea nguzo ya lango.

"Mama."

"Mm."

"Lori ikijaa leo, nabaki. Isipojaa, nawaambia ndiyo, naenda."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Nimechoka kufikiria."

"Haya," mama yake akasema. "Nimesikia."

Jebet alilichukua lile "haya" kama baraka, akaondoka akiteremka kuelekea kwenye kiwanja cha kupakilia na moyo mwepesi kidogo. Alikosea. Mama wa huku akikwambia "haya" bila kukutazama, ujue bado hajaanza.

Kiwanja kilikuwa kando ya maduka, matope matupu, na miti ya saipresi ikidondosha maji ya ukungu. Upande mmoja lilisimama lori la Wachuka na dereva wake, Kahiga, aliyekuwa akiangalia mawingu kila baada ya muda. Mzani ulikuwa umening'inizwa kwenye miti mitatu. Upande wa pili, mbele ya duka la mbolea, lilisimama lori la Weldon.

Weldon si mgeni. Ni mtoto wa huko ng'ambo ya mto, alisoma na Jebet shule ya msingi, na alipoona masomo hayamtaki akaingia udalali. Mtu mcheshi. Alikuwa ameketi juu ya rundo la nyavu, anakula mandazi.

"Niaje Jebet. Kumbe bado uko? Mimi nilidhani saa hii uko juu ya ndege unakula kuku."

"Nimekuja kupima viazi, Weldon."

"Pimeni tu. Mimi sina haraka. Watu wakichoka na hesabu, wananijua niko wapi."

Wakulima wakaanza kufika. Mikokoteni ya punda, pikipiki zilizobebeshwa kupita kiasi, wanawake wenye viazi mgongoni. Walifika katikati ya kiwanja, na hapo hapo wakasimama. Huyu anarekebisha kamba ambayo haikuwa imelegea. Yule anamkagua punda kwato. Hakuna aliyesogea kwenye mzani, wala hakuna aliyesogea kwa Weldon. Kila mmoja alikuwa akimngojea mwenzake awe wa kwanza, na Jebet, aliyekuwa kando ya mzani na kalamu mkononi, alihisi jasho linamtoka chini ya sweta katika baridi ile.

Hatimaye akajitokeza Micah, mwenyekiti wa kikundi. Micah hakuchaguliwa kwa hekima, tuseme ukweli. Alichaguliwa kwa sababu ana sauti kubwa, na watu walihofia kwamba wasipomchagua angeongea zaidi.

"Jebet, hebu kwanza," akasema, na kiwanja chote kikasikia. "Sisi si watoto. Jumapili mama yako ametuambia wewe unaenda Ulaya, tukapiga makofi. Leo wewe unatuambia tulete viazi tupime. Sasa tukikosana na Weldon leo, na wewe upande ndege, msimu ujao tutauzia nani? Tutakufuata huko na magunia mgongoni?"

Watu wakacheka, ila si kicheko cha kufurahi.

"Wachuka ndiye ananunua, Mzee Micah. Si mimi."

"Huyo Wachuka tunamjua? Tunakujua wewe. Mshika mbili moja humponyoka, hiyo hata mtoto anajua. Unaenda ama unabaki? Sema hapa, watu wasikie, halafu tupime. Kama huwezi kusema, basi tusipotezeane asubuhi."

Jebet alitazama lori tupu. Alikuwa ameliachia lori limwamulie, kumbe lori nalo lilikuwa likimngoja yeye.

Mtu asidhani lilikuwa jambo jepesi. Aliitaka Uholanzi. Aliitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Yule mama wa kampuni aliyemhoji kwa video alikuwa amemuuliza maswali kuhusu mkorino, akanyamaza, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali jingine. Tangu azaliwe, Jebet hakuwa amesikilizwa namna ile. Alikuwa ametazama picha za bandari kubwa ya huko mpaka akazijua winchi zake. Miaka miwili huko, ndani ya biashara yenyewe, pale bei zinapopangwa, si hapa pale zinapopokelewa. Angerudi mtu mwingine. Na asipokwenda? Aliwaona wasichana waliomaliza chuo wakarudi vijijini, jinsi watu wanavyowataja kwa huruma: yule wa digrii, anauza nyanya pale stendi.

Lakini aliwaona pia hawa waliosimama mbele yake na kamba zao ambazo hazikuwa zimelegea. Kama angeondoka leo, kikundi kingekufa kabla ya jua kutua. Hakuna ambaye angejaribu tena kwa miaka mingi. Wangesema tulijaribu na yule msichana wa Mama Jebet, akatukimbia.

"Muda inaenda, boss," Kahiga akasema kutoka kwenye lori, kwa upole. "Mimi nataka nishuke mteremko wa Sachangwan kabla ukungu haijafunga barabara."

Jebet akatoa simu. Pale kiwanjani mtandao mzuri hupatikana juu ya rundo la mawe lililo kando ya mzani, kwa hivyo akapanda, watu wote wakimtazama, Weldon naye ameacha kutafuna. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akaandika. Akausoma ujumbe kwa sauti, kwa Kiswahili, ili pasiwe na wa kusema hakuelewa: anawashukuru kwa nafasi, ameifikiria sana, hataweza kuja.

"Tuma," Micah akasema.

Akabonyeza. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na kwa muda Jebet akaomba moyoni kisimame, mtandao ukatike, simu izime, chochote. Halafu kikatoweka.

"Imeenda?"

"Imeenda."

Hakusikia furaha yoyote. Alishuka kutoka kwenye mawe kwa uangalifu, maana aliogopa kuanguka mbele za watu.

Micah alikuwa ameshabeba gunia lake la kwanza mpaka kwenye mzani. Mshale ukapanda, ukatulia kwenye hamsini. Akaangalia nyuma, akawapungia wengine mkono, na kiwanja kikaamka. Ghafla kila mtu alitaka kupimiwa kwanza. Kina mama wakasukumana. Kahiga akavua koti, akapanda juu ya lori kupanga magunia. Mtu akaanza kumtania Weldon kwamba nyavu zake awauzie wavuvi wa Naivasha, na Weldon akajibu kwamba wavuvi hulipa vizuri kuwashinda wao. Jebet aliandika uzito, akaita majina, akafuta viazi matope kwa mkono, na polepole, bila yeye kujua ilianza wapi, ile furaha ikaja. Lori lilikuwa limefika nusu, halafu likapita nusu. Simu ilitetemeka mfukoni mwake na hakuitoa.

Hakuna aliyekuwa amempigia mama yake kumwambia. Kila mtu alidhani anajua.

Mama alitokea juu ya mteremko akiwa ameshika punda kamba, kwa mwendo wa mtu aendaye msibani. Kwenye mkokoteni wake magunia yalikuwa yamevishwa vilemba virefu, vimeshonwa kwa kamba ya bluu, vinayumba kila gurudumu lilipoingia shimoni. Vijana wa Weldon ndio waliokuwa wamemjazia huko shambani. Alipita karibu na mzani. Hakumtazama bintiye, hakumtazama mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya lori la Weldon, akasimamisha punda.

Watu wote wakageuka. Hata Weldon hakucheka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mtu akasema.

"Mama yake! Mama yake mwenyewe!"

"Si niliwaambia? Hawa wanatuchezea. Huku wanatuambia kilo, huku wanauza mkorino."

Mwanamke mmoja akalishusha gunia lake kutoka kwenye mzani. Micah, ambaye dakika iliyopita alikuwa shujaa, akapanda kwenye lori kwa hasira na kuanza kutafuta magunia yake kati ya ya wenzake. Kahiga akamwambia mzee, polepole, utaangusha watu. Wengine wakapanda. Magunia yakaanza kushuka.

Jebet alivuka kiwanja akikimbia, viatu vikinasa kwenye matope.

"Mama, unafanya nini?"

Mama yake alikuwa akifungua kamba za mkokoteni. Akajibu kwa sauti ya chini, ya nyumbani, kana kwamba walikuwa peke yao. "Ile ulisema. Lori isipojaa, unaenda. Sasa panda nyumbani, uoge, uwajibu hao watu. Bado kuna saa."

"Nimeshawajibu."

"Umewajibu nini?"

"Nimekataa, mama. Hapa hapa, mbele ya watu wote. Ndio wakakubali kupima."

Mkono wa mama yake ukabaki kwenye kamba.

"Waandikie tena," akasema. "Waambie ulikosea. Waambie ulikuwa mgonjwa."

Ndipo Jebet akaikumbuka simu. Akaitoa. Jibu lilikuwa fupi na la heshima: wamesikitika, wanamtakia heri, na nafasi hiyo sasa wamempa anayefuata.

"Wamepeana."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu mwingine, mama. Sijui ni nani."

"Kwa nani?" mama yake akauliza tena, kana kwamba angelijua jina angekwenda kwa huyo mtu sasa hivi na kuongea naye vizuri. Kisha akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni.

Jebet alimchukia. Tusimpambe, alimchukia mama yake pale, mbele ya punda na dalali, kwa chuki aliyokuwa hajui kama anayo. Asubuhi alikuwa na Uholanzi na alikuwa na lori. Sasa hakuwa na hata kimoja, na vyote viwili vilikuwa vimepotea kwa mkono wa mtu mmoja, kwa mapenzi.

"Uliniuliza?" akasema, na sauti ikamtoka juu kuliko alivyotaka. "Kanisani, uliniuliza? Leo, umeniuliza? Hata siku moja umewahi kuniuliza mimi nataka nini?"

"Ulikuja kuniambia unangoja lori," mama yake akajibu. Alikuwa hatazami juu. "Mtu anajua kitu anataka hangoji lori."

Lilikuwa kweli, na kweli inapotoka kwa mtu uliyemkasirikia huuma mara mbili.

Nyuma yao gunia lilianguka kutoka kwenye lori na kupasuka. Viazi vikabiringika mpaka kwenye matairi. Mama yake akageuka, akaona. Aliwaona majirani wanavyovutana juu ya lori, akamwona Kahiga akipiga simu, bila shaka kwa Wachuka, huku anatikisa kichwa. Kisha akasimama, akakaza kitambaa chake, akavuka matope mpaka kwenye mzani.

"Micah! Shuka."

Micah akainua kichwa.

"Shuka nikwambie kitu. Nyote shukeni. Huyu mtoto hajawadanganya. Ni mimi. Jumapili alikuwa hajakubali hiyo kazi, na mimi nilijua hajakubali, nikasimama kwa kanisa nikatangaza. Nilijua nikitangaza hatakuwa na pa kurudi. Na leo nimeleta mkorino makusudi ndio lori isijae, ndio aende." Akaonyesha mteremko kwa mkono. "Mimi nimezaliwa hapa, nimeolewa hapo juu, na mtanizika hapo. Mbali nimewahi kufika ni Nakuru, siku yake ya joho. Nilitaka yeye atoke. Basi. Kama ni kufukuza mtu kwa kikundi nifukuzeni mimi, lakini msimwaibishe yeye. Yeye amekataa Uholanzi kwa sababu yenu, na mlimwona."

Wanaomjua Mama Jebet wanajua hilo lilimgharimu nini. Ni mwanamke ambaye akikosea njia kwenda kwa mtu huendelea mbele na kusema alikuwa akitafuta kuni. Watu wakatazama chini. Micah akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti hakikutoka kitu.

Weldon akaonyesha mkokoteni kwa kidole. "Sasa mama, hii mzigo nipakie ama nisipakie?"

"Wacha. Nitashusha."

"Lakini tulikuwa tumeongea..."

"Weldon."

"Sawa, sawa. Mimi sigombani na mama za watu." Akajikung'uta makombo ya mandazi. "Nitakuja wiki ijayo. Mtakuwa mmekosana."

Kilemba cha kwanza Mama Jebet alikikata mwenyewe kwa kisu cha kuvunia mboga, hapo kando ya mzani. Jebet, ambaye bado alikuwa na hasira, akashika gunia tupu, akalifungua mdomo, mama yake akamimina. Likajaa kilo hamsini. Wakaleta la pili, likajaa. Wakaleta la tatu, na viazi vya mkorino ule mmoja vikaingia humo pia, mpaka kupita nusu.

Watu walikuwa wamesogea. Hakuna jipya hapo, kila mmoja wao alijua mkorino ni wizi. Wamelia juu yake tangu wakiwa wadogo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuona gunia ambalo juzi juzi ulilipwa kama gunia moja likigeuka mawili na nusu mbele yako ni kitu kingine. Yule mwanamke aliyekuwa wa kwanza kushusha akayatazama, akayagusa kwa mguu, akamtazama Weldon anayekunja nyavu zake, akatukana kwa Kikalenjin tusi ambalo hatutaliandika. Kisha akarudisha gunia lake kwenye mzani. Tusidanganyane, hawakurudi kwa huruma. Walirudi kwa uchungu wa magunia yote waliyokwisha kuyatoa bure maishani mwao.

Lori likajaa. Kahiga alifunga turubai haraka haraka, akapiga honi, akaondoka na ukungu ukimfuata nyuma. Baadaye kidogo Wachuka akapiga simu kusema dereva amemwambia yote, kwamba watu wa huko wana sinema ya bure, na je, wiki ijayo watampakilia tena? Jebet akasema ndiyo. Micah, aliyekuwa amepata sauti yake tena, alikuwa akimweleza kila mpita njia jinsi alivyoliokoa jambo hilo.

Mama na binti walirudi nyumbani jioni ikianza kuingia, mkokoteni mtupu ukigonga mawe, punda katikati yao. Walipita shule, wakapita kanisa, wakapita kwa watu waliotoka mlangoni kuwaangalia kisha wakarudi ndani kuongea. Jebet alikuwa bado na hasira, na alijua hasira hiyo ingekaa nyumbani mwao muda mrefu, ingekula nao mezani. Alikuwa amepata alichosema anakitaka. Lori lilikuwa limejaa, na watu walikuwa wamelitaja jina lake vizuri. Alijiuliza kwa nini basi kila hatua ilikuwa nzito.

Pale mteremko unapokatika, ambapo mtu huona bonde lote mpaka Molo kukiwa hakuna ukungu, mama yake akasimama.

"Jebet."

"Mm."

"Nimekukosea. Lakini sitakudanganya. Mimi bado nataka uende."

Lilikuwa neno la kumfanya mtu apige kelele. Jebet alivuta pumzi ili azipige. Badala yake kikatoka kitu kingine, kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu yeyote, si Wachuka, si yule mama wa video, wala hata nafsi yake mwenyewe usiku akiwa peke yake.

"Na mimi nilitaka, mama," akasema. "Nilitaka sana kwenda."

Akalia, hapo barabarani, kama mtoto aliyeanguka. Mama yake aliachia kamba ya punda. Hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia Mungu atafungua mlango mwingine. Alisimama naye mpaka akamaliza.